Wazee na Wajane wa Orioni: Tahakiki ya Simulizi ya Kimaasai Mbele ya Mionzi ya Infraredi

Makala haya yanahakiki simulizi fupi ya nyota iliyomo katika kitabu cha A. C. Hollis kuhusu Wamaasai, kilichochapishwa Oxford mwaka 1905. Humo safu mbili za nyota tatu tatu katika kundi la Orioni, yaani upanga na mshipi, zinaitwa wazee na wajane: wajane wamefiwa na waume, nao wanawaandama wazee ili waolewe.

Msomaji wa leo hukutana hapo na kinaya. Nyota ya katikati ya upanga kwa kweli ni wingu la gesi na vumbi, lililo umbali wa takriban miaka ya nuru 1,350, na katika eneo hilo nyota zingali zinazaliwa. Vumbi huzuia nuru ionekanayo kwa macho. Mionzi ya infraredi hupenya. Kwa mionzi hiyo, Becklin na Neugebauer walitangaza mwaka 1967 kitu king'avu kilichofichika humo. Mwaka 1976 ukatangazwa mng'ao wa molekuli za haidrojeni, wa mikromita 2.12, utokao kwenye gesi iliyopashwa joto la takriban kelvini 2,000 na mikondo ifyatukayo kutoka kwa nyota changa. Palipoitwa uzee, ala zinaonyesha utoto.

Hata hivyo, tahakiki inayoishia kwenye kinaya hicho haiitendei simulizi haki. Majina hayo hayapimi umri. Yanapanga uhusiano: nani anafuatwa, nani anafuata, na kwa haja gani. Ni lugha ya ndoa, rika na ujane. Infraredi hujibu swali jingine: gesi ina joto gani, inakwenda kasi gani. Kipimo hakiwezi kulisahihisha jina, wala jina halihitaji kusifiwa kuwa liliitangulia sayansi.

Kasoro kubwa zaidi ni kuihamisha simulizi bila ushahidi. Hollis alikuwa mtumishi wa serikali katika Afrika Mashariki ya Waingereza, ilhali Endulen ilikuwa chini ya Wajerumani. Kuandika “Wamaasai wa Ngorongoro husema” kwa kumtegemea Hollis pekee ni kuwasemea wazee wa Endulen wanaoweza kuulizwa wenyewe. Nafasi ya kuwauliza nayo inapungua: tangu Juni 2022, baadhi ya kaya za Ngorongoro zimehamia Msomera, Handeni. Orioni huonekana huko pia, lakini simulizi hudumu pale wasimulizi na wasikilizaji wanapokaa pamoja. Kwa hiyo, kazi ya kwanza ya mtafiti ni kurekodi majina kwa Kimaa, pamoja na mahali na rika la msimulizi, kabla ya kuyalinganisha na kipimo chochote.