Neno Refu la Costard

Wapenzi wa kuwinda maneno marefu katika vitabu vya Kiingereza hulisifu sana honorificabilitudinitatibus: herufi 27, konsonanti na irabu zikipokezana mwanzo hadi mwisho. Limo katika Love's Labour's Lost, tamthilia ya Shakespeare iliyochapwa mwaka 1598. Mwaka 1910 Edwin Durning-Lawrence alizipangua herufi hizo, akadai zinamtaja Bacon kuwa mwandishi halisi. Jamani! Mimi siafiki. Hebu tazameni nani analitamka: Costard, mtu wa shamba, akiwacheka wasomi walioshiba Kilatini. Anashangaa mbona bwana wa kijana Moth hajammeza akidhani ni neno. Utamu uko hapo. Nasi tunaojaza misamiati mizito kwenye mashairi, tusije tukachekwa vivyo hivyo.