Sauti ya Mama Ndani ya Kompyuta

Mimi si mtu wa klabu za usiku. Umri wangu na magoti yangu havinipi ruhusa. Lakini mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliniletea habari kwamba Jumamosi angepiga muziki katika klabu moja ndogo hapa Peramiho, akaongeza: "Mjomba, njoo usikilize, halafu uandike. Usinipambe." Kwa kuwa amekataza mwenyewe, sitampamba.

Klabu yenyewe ni chumba cha ukubwa wa darasa, bati juu, spika mbili kama kabati za nguo, na meza yenye kompyuta moja. Hakuna gitaa wala mpiga ngoma. Alichopiga ni singeli, muziki wa uswahilini Dar es Salaam. Mzazi wake ni mchiriku, ule wa vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vichakavu. Kundi la Jagwa, lililoanza mwaka 1992, liliufikisha hadi Ulaya. Singeli ikaongeza mwendo: mapigo 200 kwa dakika ni kawaida, na wapo wanaokaribia 300. Mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso, iliyoko Mburahati, zilitolewa na watu wa Kampala katika albamu iitwayo Sounds of Sisso, na vijana wale wakaanza kualikwa kwenye matamasha ya ng'ambo.

Wazee wenzangu husema muziki huu si wetu. Hoja hiyo naikataa. Mganda tunaouita leo ngoma ya asili una undugu na beni, na beni iliiga bendi za askari wa wakoloni. Terence Ranger alieleza habari za ngoma hizo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Babu zetu waliona tarumbeta, wakachukua vibuyu na utando wa buibui, wakapata sauti yao. Basi kijana akiokota kompyuta, nimlaumu kwa lipi?

Namlaumu kwa mengine. Kwanza, maneno. Yule mwenzake aliyeshika maiki alighani kodi ya chumba na foleni za Dar mbele ya watu ambao shida yao mwaka huu ni bei ya mahindi na mbolea. Na kila baada ya dakika alitupigia kelele "Peramiho mpo?" Tupo, bwana, tumelipa kiingilio. Pili, mpwa wangu hajui kunyamaza. Lizombe lina nguvu kwa sababu ngoma huvuta pumzi, mchezaji akasubiri. Yeye alijaza kila upenyo, kana kwamba ukimya ungemdai fedha.

Kisha, kama saa sita kasoro, nikamsikia mama yangu.

Mwaka 1994 nilimrekodi mama akiimba uani, kwenye kanda ya kaseti. Alifariki mwaka 2003. Mpwa wangu aliniomba kanda ile mwaka jana, ati aihifadhi kwenye kompyuta isije ikaoza. Sasa sauti ile ilikuwa imekatwa vipande, ikakimbizwa hadi ikawa nyembamba kama ya mtoto wa miaka mitano, ikijirudia, ikijirudia, vijana wakirusha mikono. Niliona uchungu. Nilisimama nitoke.

Kilichonizuia ni mama mmoja mtu mzima, nadhani aliyekuwa akiuza karanga mlangoni. Alikuwa ameingia na ungo wake, akaanza kucheza. Hakukimbizana na mapigo. Alikanyaga pigo moja, akaliacha moja, taratibu, mabega yakifuata. Nikahesabu: nusu ya mwendo ule ni mwendo wa kawaida kabisa, hata mimi ningeuweza. Wasichana wawili wakamwiga. Wimbo wa mama ulikuwa mle ndani mzima; waliouona ni miguu ya yule mama, si masikio yangu.

Je, mpwa wangu alilijua hilo? Nilimwuliza nje, jasho likimtiririka. Akajibu kweli: "Hapana, mjomba. Mimi nilipenda sauti tu." Nikamwambia angeniuliza kwanza. Akainamisha kichwa, akaomba radhi. Nikamwambia pia apunguze mwendo, walau kwa dakika mbili. "Nikipunguza watakaa," akasema. Nami: "Yule mwenye ungo alikaa?" Hakujibu.

Kanda nimemwachia. Nimemweleza kwamba upande wa pili una nyimbo za kupukuchua mahindi, na kwamba katikati kuna mahali mama anakohoa, halafu anacheka, halafu anaendelea. Hapo asikate.