Jinsi Baridi Iuavyo Mtende

Mnamo Februari 2021, baridi kali iliyoteremka kutoka pande za ncha ya kaskazini ililikumba jimbo la Texas, nchini Marekani, hata kipimo cha Houston kikashuka karibu nyuzi 11 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na cha Dallas karibu nyuzi 19, baridi ambayo mji huo haukuionja tangu 1949. Katika mabustani ya miji hiyo kulikuwa na mitende ya Kanari na miti mirefu ya Washingtonia, yenye majani ya kipepeo kama mvumo, iliyopandwa kwa ajili ya pambo na kivuli. Na kiangazi kilipowadia, mingi katika hiyo ilikuwa magogo matupu. Yafaa kuchunguza ni kwa njia gani mti uliokomaa, uliokwisha kuvuka kipupwe baada ya kipupwe pasipo taabu, uliweza kuangamizwa na juma moja.

Asili ya msiba imo katika maumbile ya mti wenyewe. Mwaloni ukipigwa na baridi hata matawi yake yakafa, yamkini utachipua tena ubavuni au shinani, kwa sababu chini ya gome lake mna utando hai uzaao mbao mpya kila mwaka. Ama mtende wa Kanari na Washingtonia, hiyo haina utando kama huo wala haina matawi, na uwezo wake wote wa kukua umekusanyika mahali pamoja tu, katika moyo uliofichwa kileleni. Wakulima wa mwambao wetu hawahitaji kufundishwa hilo, kwani wameona mara nyingi kwamba chonga akiutafuna moyo wa mnazi, mnazi huo haurudi tena.

Moyo huo, walakini, hauko wazi. Umezungukwa na vitako vya makuti vilivyopandana tabaka juu ya tabaka, navyo huizuia baridi isipenye upesi. Ndiyo maana sakitu ya usiku mmoja aghalabu huunguza makuti peke yake. Barafu hufanyika baina ya chembe hai za jani, ikazinyonya maji hata zikanywea na ngozi zake zikapasuka. Kuti hugeuka rangi ya maji ya matope, kisha, baada ya siku kadhaa, rangi ya majani makavu. Jua likichomoza na hewa ikapata joto, moyo husalimika. Kilichotokea Texas ni kinyume cha hayo, kwa kuwa pande nyingi za jimbo zilikaa chini ya sifuri usiku na mchana, siku baada ya siku, na unene ule uliozoea kuichelewesha baridi mpaka asubuhi haukuwa na asubuhi ya kuingojea. Fauka ya hayo, umeme ulikatika katika nyumba zaidi ya milioni 4, na mwenye bustani aliyeuzungushia mti wake nyaya za kutia joto aliikosa kinga yake saa ileile alipoihitaji.

Moyo ukijeruhiwa bila kufa, adui wa pili huingia, nao ni uozo. Majuma machache baada ya baridi, wajuzi hulishika kuti changa la katikati, ambalo bado halijakunjuka, wakalivuta polepole: likikaza, pana matumaini, likitoka bila ukinzani, tako lake likiwa la kahawia, lenye utelezi na uvundo, bakteria na kuvu wameshaanza kazi katika maji yaliyotuama kileleni. Hapo hukwangua sehemu iliyooza na kutia dawa ya shaba, waijuayo wakulima wa kahawa, nao mti huponea mara kwa mara.

Pigo la tatu ndilo lihadaalo watu zaidi. Mishipa ya maji iliyomo shinani huundwa mara moja tu, na mti hauna njia ya kuibadilisha. P. B. Tomlinson, mwanazuoni aliyetumia umri wake kuyachunguza maungo ya miti hii, alibainisha kwamba chembe hai za shina hazina budi kuishi muda wote uishio mti. Barafu ikiikatiza mikondo ya maji katika mishipa hiyo kwa mapovu ya hewa, mti huweza kutoa makuti mapya masika kwa kutumia akiba ya maji ya shinani, mfano wa taa iliyokwisha mafuta ambayo utambi wake bado umelowa, kisha joto la Julai likaja kuudai maji usiyoweza kuyapandisha, ukanyauka ghafula mbele ya mwenyewe aliyekwisha kushukuru.

Kwa hiyo nambari moja ya baridi ya chini kabisa, waitajayo wauza miche, haitoshi kumwongoza mnunuzi. Amepaswa kuuliza pia baridi hiyo hudumu saa ngapi mahali pake. Ambaye mti wake umepigwa na baridi asifanye haraka ya kuukata kabla kiangazi hakijauhukumu, na akiupoteza, asiupande tena uleule kwa sababu tu aliuzoea, maadamu Texas ina mtende wake wa asili, sabali, utokao bonde la Rio Grande, ulioivumilia baridi ileile vyema kuliko wale wageni wawili, wa Kanari na Washingtonia.