Ukiona Vyaelea: John Nagenda na Hukumu ya Siku Moja

Mtoto wa Mkomaindo, katika Masasi, huujua mpira wa miguu kabla hajaijua kalamu. Kriketi kwake ni mgeni. Lakini mgeni huyo aliwahi kupita karibu na mlango wake. Misheni iliyofika Masasi mwaka 1876 ilitoka Unguja, na katika shule yake ya Kiungani vijana walicheza kandanda na kriketi pia. Kandanda ilienea mpaka vijijini, maana haikudai ila mpira na uwanja wazi. Kriketi ilidai ardhi iliyosawazishwa, magongo, kinga za miguu na siku nzima isiyo na kazi. Ikabaki penye shule kubwa na vilabu vya mijini.

Katika shule za namna hiyo ndimo alimolelewa John Nagenda wa Uganda, mrusha mpira wa kasi na mwandishi. Alizaliwa mwaka 1938 huko Gahini, Rwanda, katika nyumba ya watu wa misheni, akasoma Budo, kisha Makerere. Mwaka 1962 alikuwamo katika mkutano mashuhuri wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere. Mwaka 1986 riwaya yake, The Seasons of Thomas Tebo, ilichapishwa. Alifariki mwaka 2023. Mikono iliyoshika kalamu ndiyo iliyoshika mpira, na kwa mpira huo aliitumikia Uganda, kisha Afrika Mashariki.

Hata hivyo, mtu akiuliza habari za mrusha huyu katika kumbukumbu za michuano mikubwa ya dunia, hujibiwa kwa siku moja tu: 7 Juni 1975, mjini Birmingham, katika Kombe la Dunia la kwanza, Afrika Mashariki ilipopambana na New Zealand. Nagenda alirusha ova 9, yaani mirusho 54. Wapinzani wakapata kwake mikimbio 50, naye akamtoa mpiga mmoja. Hiyo ndiyo hesabu yote.

Mhakiki mwenye haraka atasema kuwa ni haba. Mhakiki mwenye upendo wa kupofusha atasema kuwa ni ushujaa. Wote wawili hawakupima. New Zealand walipata mikimbio 309 kwa ova 60, yaani zaidi kidogo ya mikimbio 5 kwa kila ova; kwa Nagenda walipata zaidi ya 5 na nusu. Kwa upande huu alizidiwa. Lakini wapiga waliotolewa siku ile walikuwa 5 tu, na mmoja wao alikuwa wake, ingawa alirusha ova 9 tu katika zile 60. Tena Glenn Turner peke yake alipata mikimbio 171 bila kutolewa, hali Afrika Mashariki nzima ilipata 128. Siku kama hiyo haimpimi mrusha mmoja. Yapima umbali baina ya nchi na nchi. Nagenda alikuwa na miaka 37, umri ambao warusha wengi wa kasi wamekwisha kupumzika.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kilichoelea Birmingham kiliundwa kwa miaka mingi katika viwanja vya nyumbani, na viwanja hivyo vilikuwa vimejeruhiwa. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia nchini Uganda kwa muhula wa siku 90. Pamoja nao ziliondoka nguvu nyingi za kriketi, wachezaji na walezi wa vilabu. Basi karatasi ya hesabu ya Birmingham yaonyesha mavuno, haionyeshi shamba lililoteketea.

Hapana anayemhukumu mwandishi kwa ukurasa mmoja uliosomwa siku ya mvua. Nagenda mwandishi hupewa haki hiyo: husomwa hadithi zake za ujana pamoja na riwaya yake ya utu uzima. Nagenda mrusha mpira ananyimwa, kwa kuwa kazi yake ya nyumbani haikupata wasomaji. Dawa yake si sifa. Dawa yake ni kuzitafuta daftari za vilabu na kuwauliza wazee waliosimama mbele ya mpira wake kabla hawajaondoka. Wanafunzi wanaojua kuchunguza shairi kwa mizani na vina hawashindwi na kazi hiyo. Mpaka ifanywe, hukumu juu yake ingali ya siku moja, na siku moja haitoshi kumhukumu mtu.