Sehemu ya Mbwa Itoke Kabla ya Kitunguu

Mbwa wa Katindo, mtaa wa Goma, hapikiwi. Usiku analinda parsele, asubuhi anapata kilichobaki: bugali uliokauka pembeni mwa sufuria, mchuzi wa maharagi, sombe iliyoganda chini, na vichwa vya sambaza ikiwa jana ilikuwa siku njema. Chakula cha mfuko kilikuwa cha nyumba chache hata kabla ya Januari 2025. Tangu waasi wa M23 walipouteka mji na benki zikafungwa, sidhani kama kuna haja ya kuuliza nani bado anakinunua.

Kwa hiyo kuuliza kama mbwa anaweza kula mboga na matunda ni kuchelewa. Anakula, tena kila siku. La kuchambua ni namna chakula hicho kinavyopita jikoni hadi kwenye bakuli lake, maana sumu nyingi inayomfikia mbwa wa Goma haitoki shambani. Inaingizwa na sisi, kwa kijiko, tukidhani tunatia ladha.

Nianze na kumtetea mbwa, kwa sababu wapo wanaosema huyu ni mnyama wa nyama tu na bugali unamharibu. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden wakiongozwa na Erik Axelsson walichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa jeni za mbwa na za mbwamwitu. Jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kumeng'enya wanga kwenye kongosho, iitwayo AMY2B, mbwamwitu alikuwa na nakala 2. Mbwa alikuwa na kati ya 4 na 30. Maelfu ya miaka ya kula makombo ya binadamu yameacha alama kwenye damu yake. Kiazi kilichochemshwa, ndizi ya kupika, bugali: tumbo lake linavijua. Kinachomshinda ni ganda gumu la seli za mboga mbichi. Mpe karoti nzima na kesho utaiona nje vipande vipande, rangi ileile. Haijamdhuru, ila haijamlisha. Ichemshe au ikune, ndipo atapata kitu ndani yake, pamoja na ile rangi ya machungwa ambayo mwili wa mbwa unaweza kuigeuza kuwa vitamini A. Paka hawezi.

Sasa tuje kwenye sufuria.

Mboga nyingi za mji huu zinashuka kutoka Kibumba na Rutshuru, na sehemu yake bado inashuka kwa chukudu: kabichi, karoti, viazi, na mafungu ya poaro marefu kama fagio. Vikifika jikoni, karibu kila kitu kinapitia njia moja. Mafuta, kitunguu, poaro, nyanya, chumvi, halafu mboga yenyewe. Kwa mtu ni utamu. Kwa mbwa, viungo viwili kati ya hivyo ni vya ukoo mmoja wenye hatari: kitunguu na poaro, pamoja na ndugu yao kitunguu saumu. Ndani yake mna dutu za salfa zinazounguza hemoglobini ya mbwa, ambayo ni dhaifu kuliko yetu. Hemoglobini inaganda vibonge ndani ya chembe nyekundu, chembe zinapasuka, na mbwa anaishiwa damu bila jeraha hata moja.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba moto hausaidii. Kitunguu kibichi, kilichokaangwa, kilichokauka na kusagwa, vyote vinabaki na sumu hiyo. Tumezoea kuamini kwamba kupika kunasafisha, na kwa maharagi au mihogo ni kweli kwa sehemu kubwa. Hapa si kweli.

Kipimo kinachotajwa sana na madaktari wa sumu za wanyama ni nusu ya asilimia moja ya uzito wa mwili kwa mlo mmoja. Tufanye hesabu. Mbwa wa kilo 15: nusu ya asilimia ni gramu 75, chini kidogo ya kitunguu kimoja cha wastani. Mtoto wa mbwa wa kilo 4: gramu 20, vipande viwili vitatu vya kukata. Sasa chukua sufuria ya familia ya watu wanane iliyotiwa vitunguu vitatu, tuseme gramu 300. Ikibaki robo na robo hiyo ikaenda kwa mbwa wa kilo 15, amefika gramu 75 barabara. Na hapo nimehesabu kana kwamba vitunguu vimetawanyika sawasawa. Kila anayeosha vyombo anajua havitawanyiki: vinazama na mafuta, vinashika chini, na chini ndiko mbwa anakopewa.

Zaidi ya hapo, kuna kidogo cha kila siku. Mbwa anayelamba mchuzi leo, kesho na keshokutwa anaharibiwa chembe kabla uboho haujarudisha zilizopotea. Ndiyo maana sikubaliani na wanaompa mbwa kitunguu saumu ili kufukuza minyoo na kupe. Gramu kwa gramu, saumu ni kali kuliko kitunguu cha kawaida. Dawa ya minyoo ya dukani ina kipimo chake na imejaribiwa.

Kwa nini basi hatusikii watu wakisema mbwa wao aliuawa na mchuzi? Nadhani jibu liko kwenye kupe. Dalili za kitunguu hazitokei siku ileile. Huchukua siku kadhaa. Mbwa analala sana, fizi zinakuwa nyeupe, mkojo unageuka rangi ya chai au kahawa. Sasa muulize mfugaji yeyote Afrika Mashariki dalili hizo ni za nini, atakujibu homa ya kupe, na mara nyingi atakuwa sahihi, kwa sababu kimelea cha Babesia kinachobebwa na kupe nacho kinapasua chembe nyekundu. Magonjwa mawili, picha moja. Homa kali inaelekea zaidi kwenye Babesia, lakini kwa macho tu hutatofautisha. Anayetofautisha ni mtu mwenye hadubini: tone la damu kwenye kioo, rangi kidogo, na ataona ama vimelea ndani ya chembe, ama vidoa vya Heinz pembeni mwa chembe, ambavyo ni ile hemoglobini iliyoganda. Bila kioo hicho, mbwa wa kitunguu anachomwa sindano ya kupe, akifa anaandikwa kifo cha kupe, na jioni sufuria inaendelea kama kawaida.

Suluhisho halihitaji pesa wala makaa ya ziada. Liko kwenye mpangilio wa kupika. Maharagi huchemka saa nzima na zaidi kabla ya kukaangwa. Yakishaiva na kabla hayajakutana na kitunguu, chota sehemu ya mbwa uiweke kando. Lazima yawe yameiva kweli, maana haragi lililochemka nusu lina sumu yake, inayotapisha mtu na mbwa vilevile. Lengalenga nayo huchemshwa kwanza na maji yake kumwagwa. Hapo ndipo pa kuchota, na kumwaga maji kunapunguza pia oksalati ambazo si nzuri kwa figo. Kabichi, karoti, boga, kiazi kitamu, vyote vina dakika yao ya usafi kabla ya mafuta. Viazi vya Kibumba vilivyogeuka kijani kwa kukaa juani, au vilivyoota, visimfikie kabisa. Ganda la kijani lina solanini.

Sombe ndiyo haichoteki. Katika nyumba nyingi poaro na kitunguu vinatwangwa pamoja na majani tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna hatua ambayo sombe iko bila vitunguu. Nayo ina hesabu yake nyingine. Jani la muhogo lina linamarini, ambayo likipondwa inatoa sianidi. Kutwanga kunaifungua na kuchemsha bila kufunika kunaifukuza hewani. Mama anayepika sombe saa nyingi anafanya kemia nzuri. Lakini mabaki madogo yanayobaki kwenye vyakula vya muhogo mwili unayageuza kwa kimeng'enya cha rodanesi, na mbwa ana kiasi kidogo cha kimeng'enya hicho ukimlinganisha na wanyama wengi. Mwaka 1993 B. P. Kamalu alichapisha katika British Journal of Nutrition jaribio la Nigeria ambapo mbwa wanaokua walilishwa gari, unga wa muhogo uliochachushwa na kukaangwa, kwa majuma 14, wakilinganishwa na waliolishwa wali. Waliokula gari walionyesha madhara kwenye ini, figo na misuli ya moyo, ingawa mlo wao ulikuwa umepangwa kuwa na lishe kamili.

Sitaki mtu asome hapo kwamba bugali wa muhogo ni sumu. Jaribio liliufanya muhogo kuwa nguzo ya mlo kila siku, na mbwa walikuwa wadogo. Mbwa wetu lakini naye yuko karibu na hali hiyo kuliko tunavyopenda kukiri. Changanya unga: mahindi leo, muhogo kesho. Na usimnyime sambaza. Rodanesi inahitaji salfa ili ifanye kazi, na salfa hiyo hutoka kwenye protini. Samaki mdogo wa Kivu anamtolea mbwa zaidi ya ladha. Makayabo, samaki wa chumvi, ni habari tofauti, chumvi yake ni nyingi mno, na kumlowekea mbwa makayabo usiku kucha ni kazi ambayo sijamwona mtu akiifanya.

Nije kwenye avoka, tunda ambalo huku linaanguka mpaka njiani. Hapa kuna kisa cha karibu. Mwaka 1994 I. B. J. Buoro na wenzake watatu walieleza, katika jarida la utafiti wa mifugo la Onderstepoort la Afrika Kusini, mbwa wawili wa Kenya waliodhaniwa kuuguzwa na avoka. Misuli ya moyo ilikuwa imeharibika, maji yamejaa kwenye mfuko wa moyo, kifuani na tumboni. Mwaka uliofuata, 1995, timu ya Australia ikaonyesha kwa majaribio ya panya kwamba dutu ya persini kutoka kwenye majani ya avoka inaharibu misuli ya moyo na tezi za maziwa. Vipande viwili vinaonekana kushikana vizuri.

Ila tazama walivyofanya wale wa Kenya. Tangu kwenye kichwa cha ripoti walisema inadhaniwa. Mbwa wawili, historia ya kula avoka, mwili unaofanana na ule wa mbuzi na farasi waliokwisha kujulikana kuuguzwa na mti huu. Hakuna mbwa wa kulinganisha wala aliyelishwa kwa kipimo. Huo ni uangalifu mzuri, na umepotea njiani, maana leo kisa hicho kinatajwa kana kwamba kilithibitisha. Wanaofuatilia sumu za wanyama wengi wanamwona mbwa kuwa mstahimilivu kwa persini. Msimamo wangu: kipande kidogo cha nyama ya avoka iliyoiva hakimtishi mbwa mzima, lakini parsele yenye mti unaoangusha matunda usiku kucha ni hatari kwa sababu mbili za wazi kabisa, mafuta mengi yanayoweza kuvimbisha kongosho, na mbegu. Mbegu ya avoka inateleza kooni mwa mbwa na kuziba utumbo. Okota asubuhi kabla yake. Mbuzi wako ndiye wa kuogopewa zaidi majani ya mti huo.

Kwa kuziba utumbo, avoka ina mshindani mbaya zaidi: gunzi. Mahindi ya kuchoma yanauzwa kila kona, gunzi linatupwa, na mbwa analimeza kwa vipande kwa sababu linanukia chumvi na moshi. Haliyeyuki. Mbwa anatapika, anakataa kula, tumbo linajaa, na kinachobaki ni upasuaji ambao haupatikani kila mtaa. Kokwa la embe lina tabia hiyohiyo. Matunda mengine ni mepesi kwa kulinganisha: papai bila mbegu, ndizi mbivu nusu, nanasi bila ganda wala moyo wake, tikiti. Kidogo tu, kwa sababu ni sukari. Kawaida ya wataalamu ni kwamba vitu vya pembeni visizidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku. Zabibu, mbichi au kavu, hata moja asipewe; zinaua figo, na kipimo salama hakijapatikana. Katindo utazikuta zaidi ndani ya keki za sherehe, na mbwa hujua lini kuna sherehe.

Osha kila kitu, hata cha mbwa. Vumbi letu ni la volkano, na mboga za njiani zinabeba la barabara pia.

Na ukimwona fizi zimepauka na mkojo umekuwa kahawa, usimweleze daktari wa mifugo mbwa alikula nini jana. Mweleze alichokula siku tatu, nne, tano zilizopita, sufuria ipi, vitunguu vingapi, na kama ana kupe. Kisha omba damu iangaliwe kwenye kioo kabla ya sindano.