Sombe bila ndagala, makaroni mahali pa bugali

Wavuvi wa Ubwari na Baraka huvua ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, usiku kwa mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazivuti samaki, mitumbwi hupumzika, na ndagala hupanda bei sokoni. Siku hizo sombe, mboga ya majani ya muhogo yaliyotwangwa, hupikwa bila ndagala, kwa mawese na karanga. Ladha haipungui sana. Kinachopungua ni protini, hasa sombe hiyo ikiliwa na bugali wa muhogo, ambao una wanga mwingi na protini kidogo mno.

Kazi kubwa iko kwenye kinu. Jani la muhogo lina linamarini, kemikali inayozaa sumu ya sianidi, na ndani ya jani hilohilo kuna kimeng'enya cha kuivunja. Viwili hivyo hukaa mbalimbali mpaka mchi upasue chembe za jani na kuvikutanisha. Ndiyo maana majani hutwangwa mpaka yawe rojo laini, kisha huachwa kidogo kabla ya kuinjikwa. Sianidi inayotoka huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi, kwa hiyo sufuria iliyo wazi huifukuza pamoja na mvuke.

Mpishi mwenye haraka huchemsha kwanza, akatwanga baadaye. Hapo joto huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini hubaki. Huyo lazima amwage maji ya kuchemshia, na virutubisho vingine humwagika nayo.

Nyanya nazo zina wakati wake. Uchachu wake huchelewesha majani kulainika, na tena huzuia hatua ya mwisho ya kuachia sianidi, ambayo hukwama maji yakiwa machachu. Basi majani yatokote kwa saa moja na nusu au mbili yakiwa na maji na kitunguu peke yake. Nyanya, bilinganya na pilipili vifuate. Karanga za kusaga huingia nusu saa ya mwisho, kwa kukoroga bila kuacha, maana huzama na kuungua chini. Mawese huja maji yakishakauka kiasi: wekundu wake ni karotini, na mwili huipokea vizuri ikiwa ndani ya mafuta.

Sasa tuje kwenye makaroni, yanayotengenezwa kwa ngano, mahali pa bugali. Protini ya majani ya muhogo ina laisini nyingi lakini methionini haba, na zote mbili ni amino asidi zinazojenga protini. Ya ngano ni kinyume chake, laisini ndiyo haba. Vikikutana sahani moja, kila kimoja hujaza upungufu wa mwenzake, na makaroni makavu yana protini kama asilimia 12. Kwa mlo usio na samaki wala nyama, tofauti hiyo na bugali wa muhogo ni kubwa, na inastahili kufikiriwa na kila mama anayelisha watoto wiki ya mbalamwezi.

Kosa la kawaida ni kuyatumbukiza mabichi ndani ya sombe. Hufyonza maji yote, karanga zikagandamana, sufuria ikaungua. Yachemshwe kando kwa chumvi, yaepuliwe yangali magumu kidogo katikati, ndipo yachanganywe na sombe kwa dakika mbili juu ya moto mdogo. Kikombe kimoja cha maji yake kitunzwe: hulegeza mchuzi mzito, na wanga uliomo huyashikiza mawese kwenye makaroni, yasielee juu.