Vyungu vya Siti na Mizigo ya Kikuubo: Kuusoma Upya Wasifu wa Siti binti Saad

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili kazi mbili. Kwanza, wasome Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu cha Shaaban Robert kilichochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958. Pili, kila mmoja aandike kurasa tatu kuhusu mtu anayemfahamu vizuri, akionyesha jinsi mambo aliyopitia mtu huyo yalivyomfanya awe alivyo leo. Tulidhani kazi ya pili ingekuwa nyepesi kuliko ya kwanza. Tulikosea, na makala haya ni maelezo ya kosa hilo.

Karibu insha zote zilikuwa na umbo moja. Mhusika alizaliwa katika familia maskini lakini yenye kumcha Mungu, akasoma kwa taabu, akavumilia, akafanikiwa, sasa ni mfano wa kuigwa. Ungeweza kubadilisha majina, ukampa mjomba wa huyu maisha ya shangazi wa yule, na hakuna ambaye angegundua. Insha moja tu ilianza kwa namna nyingine. Ilianza na katoni ya sabuni iliyoanguka kutoka kichwani mwa mchukuzi katika kichochoro cha Kikuubo, na mama mwenye mzigo akihesabu vipande vilivyovunjika kabla hajamuuliza mchukuzi kama ameumia. Kisha mwandishi akasema: huyo ndiye mama yangu.

Insha hiyo tuliipa alama za chini. Pembeni tuliandika kwa wino mwekundu: lugha ya sokoni.

Kwa wasomaji wetu walio nje ya Kampala, tueleze kidogo. Kikuubo ni eneo la maduka ya jumla katikati ya jiji, karibu na kituo cha zamani cha teksi. Jina lenyewe ni la Kiganda, nalo lina maana ya njia nyembamba, kichochoro. Sukari, sabuni, biskuti, mafuta ya kupikia, madaftari, plastiki za kila aina: vyote hupita hapo kwa katoni na kwa magunia kabla ya kufika kwenye duka dogo la kijijini. Wanunuzi hutoka pande zote za Uganda, na wengine huvuka mipaka kutoka mashariki mwa Kongo, Sudan Kusini, Rwanda na Kenya. Kiganda ndicho kinachotawala. Lakini anapoingia mnunuzi asiyejua Kiganda, na muuzaji hajui lugha ya kwao, Kiswahili ndicho hufunga bei. Si Kiswahili cha vitabuni. Ngeli zake ni chache, viambishi vyake vimetoka Bunia, Juba na Busia, na hakuna anayekisahihisha, kwa sababu kila mmoja anaharakisha kuondoka na mzigo wake.

Sasa turudi kwa Siti. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, wakati utumwa ulikuwa bado halali. Ulikomeshwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Inaelezwa kwamba baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi na mama yake asili ya Uzigua, na kwamba jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Kwao walifinyanga vyungu, naye alivitembeza kuviuza. Alihamia mjini mwaka 1911, akafundishwa kuimba na Ali Muhsin, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo kwenye sahani za santuri. Akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Alifariki mwaka 1950.

Tumsifu Shaaban Robert kwa alilolifanya. Yeye hakuwa mtu wa Unguja. Alizaliwa upande wa Tanga, na mwaka 1926 aliingia katika kazi ya ukarani wa forodha. Kumchukua mwanamke wa ukoo wa chini, asiyesoma, mwimbaji, na kumwandikia kitabu kizima kwa heshima ile ile ambayo washairi wa zamani waliwatunukia mashujaa na mashehe, hilo lilikuwa jambo la ushujaa. Anasisitiza kwamba ukoo si hukumu. Aliyezaliwa chini anaweza kupanda, na jamii inayompima mtu kwa nasaba yake inajipunja yenyewe. Kwa dhamira hiyo, kitabu hiki hakijazeeka.

Hata hivyo, kwa mtazamo wetu, kitabu kina upungufu mmoja ambao wanafunzi wetu wameurithi bila kujua. Shaaban Robert hupanda upesi sana kutoka kwenye tukio hadi kwenye funzo. Anatuambia Siti alikuwa maskini, kisha anatupa hekima kuhusu umaskini. Anatuambia alisafiri, kisha anatupa hekima kuhusu safari. Msomaji anatoka akijua kwamba maisha ya Siti yalimjenga, lakini hajui yalimjenga vipi. Chungu kipo mwanzoni mwa kitabu na santuri ipo mbele, na kati yake pamewekwa fadhila: bidii, subira, kipaji. Njia yenyewe kutoka Fumba hadi mjini, ambayo Siti aliikanyaga kwa miguu na mzigo kichwani, inapitwa haraka.

Tuichunguze njia hiyo. Inasimuliwa kwamba Siti alipotembeza vyungu alipaza sauti kwa kuimba, hata watu wakamjua kwa sauti kabla hawajamwona. Hebu tufikiri maana yake. Mwenye duka husubiri mteja. Mchuuzi lazima sauti yake itangulie mwili wake. Lazima ipenye ukuta, imfikie mwanamke aliye jikoni ndani ya nyumba, na isimchoshe, maana kesho atapita tena. Lazima pumzi itoshe huku shingo imebeba mzigo. Ali Muhsin alimfundisha muziki, hilo hatulipunguzi. Lakini sauti aliyompelekea mwalimu ilikuwa imekwisha kufanya kazi kwa miaka mingi.

Tena, mchuuzi anajua milango. Anajua nyumba inayolipa na nyumba inayokopa, bibi anayepunja na mtumishi anayelia. Nyimbo za Siti na wenzake zilijulikana kwa kugusa habari za mjini: dhuluma, hukumu za mahakamani, maovu waliyotendewa wanawake. Wimbo wa Kijiti, unaohusu kuuawa kwa mwanamke na kesi iliyofuata, ndio mashuhuri kuliko yote. Sisi tunaona kwamba kujua huko kulianzia milangoni. Hii ni tafsiri yetu. Msomaji anaweza kuikataa. Lakini ni tafsiri inayoshika kitu, na mwanafunzi anaweza kuijadili darasani, wakati neno bidii halimwachii la kujadili.

Waswahili tuna methali isemayo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumeifundisha mara nyingi bila kujiuliza ilitungwa na nani akiwa ameketi wapi. Hiyo ni methali ya mwenye baraza, anayetazama wapitao. Chungu cha Fumba, hata kiwe kizuri namna gani, kisingejiuza kikiwa Fumba. Kilitembezwa kwa sababu mwenye kukifinyanga hakuwa na duka mjini. Mahasidi wa Siti nao walimwimbia kwa mantiki hiyo hiyo, wakamkumbusha kwamba alifika mjini amevaa kaniki, vazi la watumwa na mafukara. Hawakumshambulia sauti, maana hawakuweza. Walishambulia alikotoka.

Hapo ndipo tulipoona aibu yetu. Sisi nasi, kwa kalamu nyekundu, tuliishambulia insha ya Kikuubo kwa kaniki yake.

Mwanafunzi yule alikuja ofisini. Hakulalamikia alama. Alikuwa ameandika insha upya kama tulivyoelekeza, kwa Kiswahili sanifu, na mama sasa alikuwa amezaliwa, amevumilia na amefanikiwa. Alituwekea karatasi mezani akasema: Mwalimu, sasa hakuna makosa, lakini huyu si mama. Tulisoma insha zote mbili pamoja. Katika ile ya kwanza, mama aliongea na mteja kutoka Beni kwa Kiswahili cha Kongo, akamgeukia mchukuzi kwa Kiganda, akahesabu fedha kwa Kiingereza, na binti aliyekuwa amekaa juu ya magunia alijifunza lugha tatu na hesabu kabla hajajua kuwa anajifunza. Katika ya pili, mama alikuwa mchapakazi. Kosa la ngeli lilikuwa limesahihishwa, na pamoja nalo tulikuwa tumefuta sababu iliyomleta binti yule katika idara yetu.

Lakini tusiibadilishe Kikuubo kuwa ngano nzuri. Mambo anayopitia mtu si kalibu ya matofali inayotoa umbo moja kila mara. Wasichana wengi walitembeza vyungu Unguja. Siti alikuwa mmoja. Katika vichochoro vile vile vya Kikuubo wamo waliopoteza mtaji, waliovunjika mgongo kwa mizigo, walioacha shule wasirudi. Anayeandika wasifu wa aliyefaulu tu anadanganya kwa kunyamaza.

Na Kiswahili chenyewe hapa Uganda ni ushahidi kwamba kitu kimoja hujenga watu tofauti. Serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na miaka ile raia wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kinywani mwa mwenye bunduki. Mzazi mmoja aliyekuja kumwona mwanawe chuoni alitueleza kwamba neno simama bado linamshtua, hata likitamkwa na mtoto anayecheza. Mama wa Kikuubo, kwa upande wake, anapolisikia neno bei gani, anajua watoto watakula. Wote wawili ni wa rika moja. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hatua hizo tunaziunga mkono. Lakini mwalimu anayeingia darasani bila kujua kwamba mbele yake wameketi watoto wa wazazi hao wawili atamlaumu mmoja kwa uzembe na mwingine kwa uchafu wa lugha, na hatamfundisha yeyote.

Fasihi yetu ina mifano ya kuonyesha badala ya kutangaza. Katika riwaya ya Siku Njema (1996), marehemu Ken Walibora alimchora Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu, akisafiri kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake. Kila kituo cha safari kinamwongezea au kumpunguzia kitu, nasi tunakiona kikiongezwa au kikipunguzwa. Tunapendekeza vitabu hivi viwili visomwe pamoja: Shaaban Robert kwa heshima anayompa mtu wa chini, Walibora kwa subira ya kumfuata mtu huyo hatua kwa hatua.

Kwa walimu wenzetu, tuna mapendekezo matatu. Kwanza, tunapofundisha wasifu, tuwaulize wanafunzi swali la vipi kabla ya swali la funzo. Anayesema shida zilimkomaza mjomba wake atuambie shida ipi, siku gani, na mjomba alianza kufanya nini ambacho hakuwa akikifanya jana yake. Pili, maneno ya wahusika yaachwe kama yalivyosemwa, na sanifu itumike katika masimulizi. Wanariwaya wamefanya hivyo siku zote. Hatuna sababu ya kuwanyima wanafunzi haki hiyo. Tatu, tutofautishe kosa na asili. Mwanafunzi lazima ajue ngeli, na hatutalegeza hapo, maana mtihani hautamhurumia na kazi za ualimu na tafsiri hazitamhurumia. Lakini kumwambia kiambishi hiki si sanifu ni jambo moja, na kumwambia lugha ya mama yako ni takataka ni jambo jingine, hata kama maneno tunayoandika pembeni ni mawili au matatu tu.

Alama za insha ile tumezirekebisha. Mwandishi wake sasa anaandaa utafiti wake wa mwaka wa tatu kuhusu Kiswahili cha biashara katika Kikuubo, na mama yake amekubali kuhojiwa kwa sharti moja: mahojiano yafanyike dukani, asubuhi, na atakayehoji asaidie kupanga katoni. Tumelikubali sharti hilo, na tutakwenda naye.